Kwanza Ujue Anapokwamia: Daftari la Mwalimu Safarini

Muheza

Kidole chake kilikuwa mstari wa tatu, mdomo wake umeshafika wa tano. Ndivyo nilivyogundua kwamba mtoto wa darasa la pili niliyekuwa nikimsifu mbele ya wenzake tangu Januari hakuwa akisoma. Hadithi nzima aliikariri kwa kuwasikia wengine wakiisoma, akaibeba kichwani kama wimbo. Nilifunika ukurasa kwa kiganja, nikamwachia neno moja tu: kuku. Alilitazama kitambo, kisha akainua macho akanitazama mimi. Sijayasahau macho yale. Hayakuwa ya mtoto mvivu. Yalikuwa ya mtu aliyeuegemea mlango kwa bega siku nyingi ili usifunguke, na leo umefunguka.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 80. Kishikwambi ninacho, ni miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Jioni ile nilinunua bando, nikapekua mtandaoni, nikapakua nyimbo za herufi zenye katuni za kupendeza, kazi ya watu wa ng'ambo, kwa Kiingereza. Watoto walizipenda. Baada ya wiki tatu nilimwita tena yule mtoto, nikaandika "baba" ubaoni. Akatamka herufi moja moja kama wimbo ulivyomfundisha: "Bii, ei, bii, ei." Kisha akanyamaza, kwa sababu sauti hizo ukiziunganisha mchana kutwa hazizai baba. Alikuwa amekwama mahali pamoja. Mimi nikamwongezea pa pili.

Tangu siku hiyo, kila ninapokwenda, iwe likizo, semina au kumtembelea ndugu, huomba ruhusa ya kuingia darasa la watoto wadogo nikae nyuma. Swali ninalolibeba ni moja: mtoto akikwama kusoma, hapa mnafanyaje, na vitu vya mtandaoni vinaingia wapi? Haya ndiyo niliyoyaandika njiani.

Nilianzia mkoani kwangu. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2019, Tanga ilikuwa uwanja wa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vikiwa na programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Vilikuwepo vituo vya umeme wa jua, na kina mama wa kijiji waliopewa dhamana ya kuvichaji na kuvitunza. Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu zilizofika fainali zikaachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzitumia.

Nilimtafuta mmoja wa kina mama hao. Alinikaribisha barazani, akaniwekea kiti, akaniambia jambo nisilolitarajia.

"Mwalimu, kila mtoto alikuwa na chake, lakini hawakukaa kila mtu na chake. Walikaa wawili wawili, watatu watatu, chini ya mwembe. Aliyepata anamwonyesha aliyekosa."

Nikamuuliza habari za yule aliyekuwa nyuma ya wote.

"Huyo ndiye aliyekipenda zaidi. Kile hakimcheki."

Maneno hayo niliyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Programu nzuri humchukua mtoto pale alipo na kumrudishia sauti ileile mara mia bila kuguna, na mimi mbele ya watoto 80 siwezi. Lakini jaribio lile lilibuniwa kwa mahali pasipo na mwalimu. Shuleni kwangu mwalimu yupo, ubao upo, vitabu vipo japo havitoshi. Kwa hiyo nilitoka pale na swali jingine: mwalimu akiwepo, chombo hiki kikae upande gani wake?

Nairobi

Kenya ilipita njia mbili karibu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kumpa mtoto kifaa: kuanzia 2016 serikali ilipeleka tableti katika shule za msingi za umma kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza. Ya pili ni mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015: kila mtoto na kitabu chake, kila mwalimu na mwongozo wa somo la kila siku, na tableti mkononi mwa afisa anayezunguka shuleni kuwasaidia walimu.

Aliyenionyesha maana ya hii njia ya pili ni mama aliyeifanya kazi hiyo ya uafisa kwa miaka mingi. Tulikaa pamoja nyuma ya darasa moja la Eastlands, magoti yakigusa madawati madogo. Mwalimu alisoma silabi, kisha darasa likasoma pamoja naye, kisha mtoto mmoja mmoja. Somo lilipokwisha, mama yule aliwaita watoto watatu bila kuchagua, kama alivyozoea. Kila mmoja alisoma kwa dakika moja. Tableti ilihesabu muda naye akagusa kila neno lililokosewa. Dakika tatu zikaisha. Hakumpa mwalimu alama wala hotuba. Alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hawa watatu wote wanaanguka kwenye mwa na nywa. Kesho uanzie hapo."

Nilijisikia kama mtu aliyepewa miwani. Miezi yote nilikuwa nikijua kwamba baadhi ya watoto wangu "ni wazito". Neno hilo halimpeleki mwalimu popote. Lakini "wanaanguka kwenye mwa na nywa" ni somo la kesho asubuhi.

Mama yule alinieleza pia jambo ambalo kila mwenye bajeti ya shule angefaa kulisikia. Kabla Tusome haijaenea, katika mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, watafiti walilinganisha njia tatu huko Kisumu. Kundi moja la shule lilipata tableti kwa maafisa wanaozunguka, jingine tableti kwa walimu, la tatu vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali kwa wanafunzi wenyewe. Makundi yote matatu yalipiga hatua kuliko shule ambazo hazikupata msaada. Lakini yalipowekwa pamoja hayakuachana kiasi cha kuhalalisha gharama kubwa ya kumpa kila mtoto kifaa. Kilichoyainua yote ni kile yalichochangia: vitabu, mafunzo ya mwalimu na mtu wa kuja kuangalia.

Sikulichukua hilo kama hukumu dhidi ya vifaa. Nililichukua kama mpangilio wa foleni: nani ashike kifaa kwanza, na kwa kazi ipi. Mkononi mwa anayesikiliza, kifaa kimoja kinagusa mamia ya watoto.

Katika shule hiyohiyo mwalimu wa darasa la tatu alinifungulia African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake ziko katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kupakua, kuchapa, kutafsiri na hata kurekebisha. Zimepangwa kwa ngazi: za maneno ya kwanza, za sentensi za kwanza, za aya za kwanza, mpaka ndefu. Mwalimu huyo hakuwa na projekta. Alichokuwa nacho ni kamba iliyofungwa ukutani kutoka dirisha hadi dirisha, na juu yake vijitabu vilivyochapwa rangi nyeusi, vikakunjwa na kushonwa kwa uzi, vimening'inizwa kwa vibanio vya nguo. Kona moja ilikuwa na vijitabu vilivyotungwa na darasa lenyewe. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa shida alichomoa kimoja, kinachosimulia mvua iliyofurika mtaani kwao, akakiinamia hadi kengele ikalia. Mtandao ulikuwa umeingia darasani pale na kuacha waya nje.

Jyväskylä

Jyväskylä ni mji wa chuo kikuu katikati ya Ufini, umezungukwa na maziwa. Nilifika majira ya baridi. Saa mbili asubuhi jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia, na watoto wa miaka saba walikuwa wakivua buti za theluji mlangoni na kuingia darasani na soksi. Huko mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka saba.

Nilikwenda kwa sababu ya mchezo mmoja. Watafiti wa mji huu, wakiongozwa na Profesa Heikki Lyytinen, walianza miaka ya 1990 kuwafuatilia watoto wa familia zipatazo 200 tangu kuzaliwa. Karibu nusu ya familia hizo zilikuwa na mzazi mwenye disleksia, ule ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili. Walitaka kujua dalili zinaanza lini. Wakaona kwamba muda mrefu kabla ya shule, watoto wengi watakaokuja kupata shida tayari wanapata taabu kutofautisha sauti za lugha na kuzikumbuka herufi. Kutokana na utafiti huo ulizaliwa mchezo unaoitwa Ekapeli nchini humo, na GraphoGame katika nchi nyingine.

Mchezo wenyewe ni mwepesi mno ukiutazama. Mtoto anavaa hedifoni na kusikia sauti moja. Kwenye kioo herufi zinadondoka taratibu kutoka juu, naye anagusa ile inayobeba sauti aliyoisikia. Akipatia, herufi zinaongezeka na kukaribiana kwa sura na sauti. Akikosa, zinapungua na ile iliyomshinda inarudi tena na tena. Baadaye sauti zinakuwa silabi, silabi zinakuwa maneno. Hakuna hadithi ndefu, hakuna muziki wa kumvuruga. Kinachofanywa ni kitu kimoja tu: kuifunga sauti kwenye herufi yake hadi isifunguke.

Kilichonishangaza ni jinsi mchezo ulivyotumika. Mwalimu wa elimu maalumu alifungua mlango akawaita watoto watatu, nao wakatoka bila aibu, kwa sababu katika shule ile karibu kila mtoto huitwa kwa jambo fulani siku moja au nyingine. Kwenye chumba kidogo walicheza dakika zisizofika kumi na tano. Kisha vifaa vikafungwa, na mwalimu akachukua herufi za mbao akajenga na watoto yale maneno yaliyowashinda kwenye kioo. Alikuwa ameyaona kwa sababu alisimama nyuma yao wakati wote, na kalamu mkononi.

Jioni yake tulikaa mimi na yeye tukilinganisha lugha zetu, na hapo ndipo safari hii iliponilipa. Kifini huandikwa kama kinavyotamkwa, karibu kila sauti na herufi yake, kama Kiswahili. Mtoto anayejua sauti za herufi anaweza kulisoma neno asilowahi kuliona. Nikamuuliza, "Basi watoto wako wanakwamia wapi?" Akaandika neno *kengät*, yaani viatu. Sauti yetu ya ng'ombe imo katikati ya neno hilo, lakini haina herufi yake peke yake. Inabebwa na n na g. Nikachukua kalamu nikaandika chini yake "ngoma" na "ng'ombe", nikamwonyesha kialama kidogo kinachotenganisha sauti mbili. Watoto wake na wangu, wakiwa maelfu ya kilomita mbali, wanajikwaa kwenye jiwe lilelile.

Akaandika mengine: *tuli* ni moto, *tuuli* ni upepo, *tulli* ni forodha. Herufi moja ikirudiwa, maana inahama. Nami nikamwandikia "kufa" na "kufaa". Kisha akaandika *taloissammekin*, neno moja linalomaanisha "katika nyumba zetu pia". Nikamjibu kwa "hatutawasomea". Silabi saba, sentensi nzima ndani ya neno. Lugha zote mbili hujenga maneno kwa kuunganisha vipande, na mtoto aliyezishinda silabi hukutana baadaye na ukuta wa pili: neno refu linalomchosha kabla hajalimaliza. Ndiyo maana vitabu vya mwanzo vya Kifini huyakata maneno kwa vistari, silabi kwa silabi, hadi jicho lizoee. Niliyatazama maandishi yale yaliyokatwa nikawaza hadithi zote nilizopakua na kuwapa watoto wangu zikiwa nzima, na jinsi ingenigharimu kalamu nyekundu tu kuzikata.

Nilijua basi kwa nini nyimbo zangu za Kiingereza ziliharibu. Nilikuwa nimemletea mtoto dawa ya ugonjwa wa lugha nyingine.

Jambo la mwisho alilonieleza linatoka karibu na kwetu. Mchezo huu ulijaribiwa mjini Lusaka, Zambia, kwa Kinyanja, na watoto wa darasa la kwanza. Katika shule nyingine watoto pekee walicheza, katika nyingine walimu pekee, na katika nyingine wote wawili. Matokeo bora yalikuwa pale mwalimu alipocheza pia. Mwalimu aliyezisikia sauti za herufi mwenyewe kwenye mchezo alibadilika ubaoni, na watoto wakakuta darasani kilekile walichokikuta kwenye simu.

London

Ukurasa wa London ni mfupi. Nilifikia kwa ndugu yangu mashariki mwa jiji, nikaingia shule anayosoma mpwa wangu. Vifaa vimejaa, tovuti za kujifunzia hazihesabiki, na walimu wanajua kuzichagua. Lakini mlima wanaoupanda si wetu. Katika maneno *cough*, *though* na *through* herufi nne za mwisho ni zilezile, na kila neno linazitamka kivyake. Mtoto wa Kiingereza anahitaji miaka kuzoea hali hiyo, na programu zake zimetengenezwa kwa vita hiyo. Ukiileta silaha yake Muheza unamwongezea mtoto adui asiyekuwepo.

Hata hivyo nilibeba kitu kimoja. Tangu 2012 watoto wa miaka mitano na sita nchini Uingereza humsomea mwalimu maneno 40 ana kwa ana, na nusu yake si maneno ya kweli. Yamebuniwa, na kando ya kila moja huwekwa picha ya kiumbe cha ajabu ili mtoto ajue ni jina la kitu kisichokuwepo. Wapo wanaolalamikia zoezi hilo. Mimi nilimfikiria mtoto wangu wa kidole na mdomo. Neno la kubuni haliwezi kukaririwa. Ama unalisoma, ama huwezi. Usiku ule niliandika kwenye daftari "lobu", "tepuna", "nyafe", na kuendelea hadi nikapata ishirini.

Niliona pia mtoto amekaa mbele ya kompyuta shuleni akimsomea mzee wa kujitolea aliye nyumbani kwake, mji mwingine. Mzee alisikiliza, akasubiri, akauliza, "Unadhani atafanya nini sasa?" Katika yote yanayopitishwa kwenye waya za intaneti, lile sikio lenye subira lilikuwa na thamani kubwa kuliko katuni zote.

Unguja

Nilirudi kwa boti kupitia Unguja, kwa kuwa nilitaka kuonana na walimu wa huko kuhusu redio. Katika miaka ya 2000 Zanzibar ilikuwa na vipindi vya redio vya watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Redio iliuliza, ikanyamaza, watoto wakajibu kwa sauti, wakaruka, wakaimba, ikaendelea. Hakukuwa na kioo cha kutazama, na watoto walijifunza.

Mwalimu mmoja wa shamba, mtu mzima mwenye sauti ya upole, anaiendeleza njia hiyo kwa namna yake. Huwaomba mabibi wa kijijini wasimulie hadithi kwenye simu yake, akazirekodi. Darasani anaziweka kwenye spika ndogo iliyochajiwa usiku. Watoto wanasikiliza kwanza wakiwa wamefumba macho. Kesho yake anawapa hadithi ileile kwa maandishi, kurasa mbili.

"Mwanangu," aliniambia, "yupo anayesoma kila neno sawasawa, ukimwuliza kasoma nini, hajui. Herufi anazo, maneno hana. Huyu usimpe silabi, mpe hadithi."

Nililihitaji lile. Nyumbani kwetu wapo watoto wanaolala na kuamka na Kibondei au Kisambaa, na Kiswahili cha vitabuni wanakutana nacho darasani. Kwa sababu Kiswahili kinasomeka kirahisi, kinaweza kumficha asiyeelewa. Mtoto anatiririka, mwalimu anapiga makofi, na hakuna maana iliyoingia. Huyu naye amekwama, ila mkwamo wake hausikiki.

Muheza tena

Muhula uliofuata sikufungua kishikwambi wiki ya kwanza. Nilifanya kazi moja: kuwasikiliza wote. Nilitumia ngazi ambazo walimu wengi wa Afrika Mashariki wanazijua kupitia Uwezo, iliyoanza 2009 kuwapima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda kwa mfano wa upimaji wa ASER wa India: herufi au silabi, neno, aya, hadithi. Nikaongeza yale maneno yangu ya kubuni, na mwishoni swali moja la maana: "Niambie kilichotokea." Mtoto mmoja mmoja, wakati wengine wakiandika. Ilinichukua siku sita. Kwenye daftari sikuandika alama. Kando ya kila jina niliandika mahali anapokwamia.

Baada ya hapo ndipo nilipoingia mtandaoni, na safari hii nilijua ninachotafuta. Hali halisi ni hii: kishikwambi kimoja, simu yangu, spika, na umeme unaokuja na kukatika. Jumamosi hushuka mjini, nikapakua vyote kwa mara moja ili wiki nzima nisihitaji mtandao. Kwa walio kwenye sauti na silabi, natafuta kitu kinachotamka kwa Kiswahili, "ba" ikiwa "ba", na kabla ya kuwapa nakicheza mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Watoto watatu wanakizunguka kishikwambi kwa dakika kumi, kama wale wa chini ya mwembe, kisha nafunga na tunajenga yaleyale kwa kadi za herufi zilizokatwa kwenye maboksi. Walio kwenye neno refu wanapata hadithi fupi kutoka African Storybook au StoryWeaver ya India, ambayo nayo ina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria. Nazichapa stesheneri nyeusi na nyeupe, halafu nakata maneno marefu kwa kalamu nyekundu. Husoma kila hadithi kwanza, maana nyingine zimetafsiriwa na watu wa kujitolea, na hutokea kialama cha ng' kikadondoka njiani au sentensi ikakaa vibaya. Narekebisha, leseni inaniruhusu. Walio kwenye maana wanapata spika, na sauti ya bibi yao wenyewe.

Waliokwisha kupita ngazi hizo husoma vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na wawili wawili huwasikiliza wenzao. Kila Ijumaa nawasikiliza watatu bila kuchagua, dakika moja kila mmoja, kama mama yule wa Nairobi. Wakikwama wote mahali pamoja, kosa nalitafuta kwenye somo langu.

Sitaki mwalimu anayesoma haya adhani kwamba darasa limekuwa bustani. Zipo wiki umeme unakatika na spika inakufa Jumanne. Wapo watoto wawili ambao bado sijajua wanakwamia wapi hasa, na nimewaandikia wazazi wao tuonane, kwa sababu mmoja nahisi hasikii vizuri. Lakini siwaiti tena wazito. Nimelifuta neno hilo kinywani, kwa kuwa nimeona katika kila darasa nililokaa nyuma yake kwamba mtoto hakwami "kusoma". Anakwama kwenye sauti fulani, au kwenye urefu wa neno, au kwenye maana. Huko mtandaoni yapo mengi ya kumsaidia kila mmoja, mengine bure kabisa, lakini hayajui jina lake wala jiwe lake. Wa kujua ni mwalimu aliyemsikiliza.

Mtoto wa kidole na mdomo alikuwa ameangukia kundi la silabi. Alikaa kwenye kishikwambi na wenzake wawili tangu Februari hadi pasaka, akahamia kwenye hadithi zenye vistari vyekundu, na mwezi Juni nikampa moja isiyokatwa. Alisoma polepole kuliko alivyokuwa "akisoma" zamani, na darasa lilitulia kumsubiri. Kwenye ukurasa wa tatu alikutana na neno "waling'ang'ania". Akasimama.

Nikafunga mdomo wangu. Aliufunika mkia wa neno kwa kidole gumba kama tulivyozoea. Wa. Akasogeza. Li. Akasogeza tena, akakiona kile kialama kidogo, akarudi nyuma, akajaribu sauti mbili kinywani kimyakimya. Ng'a. Ng'a. Nia. Akaliunganisha, akacheka peke yake kwa kulielewa, akaendelea na mstari.

Safari hii hakuinua macho kunitazama. Alikuwa akilitazama neno.